Kusoma Majibu ya Kipimo cha Tezi ya Shingo, na la Kufanya Uchovu Usipokwisha

Mbele ya shingo ya kila mtu, chini kidogo ya koromeo, ipo tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Wataalamu huiita thairoidi. Wananchi wengi huijua kwa jina la tezi ya shingo, na huikumbuka zaidi pale inapovimba na kuwa rovu, yaani goita. Tezi hii hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu zake kwa kasi gani: moyo upige upesi au taratibu, tumbo lisage chakula kwa wepesi au kwa uzito, ngozi iwe na joto au ibaki baridi. Homoni hizo zikipungua, mwili mzima hupunguza mwendo.

Upungufu huo hauingii kwa kishindo. Mtu aliyezoea kuamka alfajiri huanza kushindwa kuinuka kitandani. Husikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho. Choo huwa kigumu, ngozi hukauka, nywele hukatika, uso huvimba asubuhi, sauti huwa nzito, hedhi huongezeka, na mambo ya jana husahaulika leo. Ndugu husema amekuwa mvivu, majirani hunong'ona kwamba amerogwa, naye mwenyewe huamini kwamba ni uzee. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini ugonjwa huu mara nyingi haufichwi kwa makusudi. Hujificha wenyewe nyuma ya uchovu wa kawaida.

Tiba yake ipo, nayo ni kidonge kimoja kwa siku. Hata hivyo, wapo wanaomeza kidonge hicho na bado hawajisikii vizuri. Baadhi yao huacha dawa kwa kukata tamaa. Wengine hujiongezea dozi bila kupimwa. Njia zote mbili zina madhara. Somo hili linaeleza namna ya kuyaelewa majibu ya damu, na hatua za kufuata kwa mpangilio pale dalili zinapoendelea. Jambo la msingi ni hili: namba iliyo kwenye karatasi, namna kidonge kinavyomezwa, na hali ya mwili ni mashahidi watatu, na hukumu njema haitolewi kwa kumsikiliza mmoja peke yake.

Tezi mbili zinazosemezana

Tezi ya shingo haifanyi kazi bila msimamizi. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, ndogo kama punje ya harage, iitwayo pituitari. Pituitari hupima daima kiasi cha homoni ya thairoidi kilichomo katika damu, kisha hutuma amri kwa tezi ya shingo. Amri hiyo ndiyo homoni inayoandikwa TSH kwenye karatasi ya maabara.

Mfano wake ni msimamizi wa shamba na kibarua wake. Kibarua akifanya kazi vizuri, msimamizi huzungumza kwa sauti ya kawaida. Kibarua akilegea, msimamizi hupaza sauti. Akizidi kulegea, hupiga kelele. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, maana yake ni kwamba tezi ya shingo imelegea na msimamizi anapiga kelele. TSH ikiwa chini sana, mara nyingi maana yake ni kwamba homoni imezidi na msimamizi amenyamaza. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: namba ya TSH ikipanda, homoni ya tezi imepungua.

Homoni yenyewe ya tezi ya shingo ina sura mbili. Iliyo nyingi huitwa T4. Mwili, hasa kwenye ini na viungo vingine, huibadilisha T4 kuwa T3, ambayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Dawa ya levothairoksini ni T4 iliyotengenezwa kiwandani, nayo ni sawa na ile inayotolewa na tezi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata dozi inayomfaa anarudishiwa kile ambacho mwili wake umeshindwa kukitengeneza.

Safu tatu za karatasi ya majibu

Karatasi ya majibu huwa na safu tatu muhimu: jibu lenyewe, kizio cha kipimo, na kiwango cha kawaida cha maabara husika. Zote tatu husomwa pamoja.

Kwa TSH, maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida cha mtu mzima kuwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi, kwa kizio cha mIU/L. Kiwango hicho hutofautiana kidogo kutoka maabara moja hadi nyingine, kwa sababu mashine na kemikali zao si za aina moja. Wajawazito wana kiwango chao, na kwa wazee wa umri mkubwa TSH huweza kuwa juu kidogo bila kuwa ugonjwa.

Kwa T4 huru, yaani ile isiyofungwa na protini za damu, kuna vizio viwili vinavyotumika. Maabara moja huandika ng/dL, nyingine pmol/L. T4 ya 1.2 katika maabara ya kwanza na T4 ya 15 katika maabara ya pili huenda ni kiasi kilekile kilichoandikwa kwa vizio tofauti. Mgonjwa asishtuke kwa kuona namba imepanda mara kumi na zaidi. Kwanza atazame kizio. Ikiwezekana, vipimo vya kufuatilia ugonjwa vifanywe katika maabara ileile, ili namba za mwaka huu zilinganishwe kwa haki na za mwaka jana.

Wakati mwingine daktari huagiza pia kipimo cha kingamwili, kinachoandikwa Anti-TPO. Kipimo hiki huonyesha kama kinga ya mwili imeigeukia tezi na kuishambulia. Ugonjwa wa namna hiyo huitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliyeueleza mwaka 1912. Kipimo cha kingamwili husaidia kujua chanzo. Hakihitaji kurudiwa kila mara, na kupanda au kushuka kwake hakutumiki kupanga dozi.

Mifano sita ya kujifunzia

Mifano ifuatayo ni ya kufundishia tu. Imechukulia kwamba kiwango cha kawaida cha TSH ni 0.4 hadi 4.0, na cha T4 huru ni 12 hadi 22 kwa kizio cha pmol/L.

Mfano wa kwanza: TSH 38, T4 huru 6. Amri ni kubwa, kazi ni ndogo. Huu ni upungufu wa wazi, nao unahitaji dawa.

Mfano wa pili: TSH 6.5, T4 huru 15. Msimamizi ameanza kupaza sauti, lakini kazi bado inafanyika. Hali hii huitwa upungufu wa awali. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3, kwa sababu kwa watu wengine TSH hurudi chini yenyewe. Dawa hufikiriwa zaidi TSH inapofika 10 au kupita, au mgonjwa anapokuwa mjamzito au anapotafuta ujauzito.

Mfano wa tatu: mgonjwa aliye kwenye dawa, TSH 2.0, T4 huru 17. Dozi inatosha. Kama bado ana dalili, chanzo kitafutwe kwa mpangilio utakaoelezwa hapa chini.

Mfano wa nne: mgonjwa aliye kwenye dawa, TSH 0.03, T4 huru 28. Dozi imezidi. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukosa usingizi na kupungua uzito huweza kufuata. Dozi ikizidi kwa muda mrefu, moyo huweza kupoteza mpangilio wa mapigo na mifupa hudhoofika, hasa kwa wazee.

Mfano wa tano: mgonjwa aliye kwenye dawa, TSH 16, T4 huru 20. Namba hizi zinaonekana kupingana, lakini zina maelezo ya kawaida. Mara nyingi mgonjwa alikuwa akiruka vidonge kwa wiki kadhaa, kisha akavimeza kwa bidii siku chache kabla ya kupimwa. T4 imepanda upesi. TSH inakumbuka wiki zilizopita. Hapa kinachotakiwa ni mgonjwa kumweleza mtaalamu ukweli, naye mtaalamu kuupokea bila kumgombeza. Dozi ikiongezwa kwa sababu ya TSH hiyo, siku mgonjwa atakapoanza kumeza kila siku itamzidi.

Mfano wa sita: mgonjwa asiye kwenye dawa, TSH 1.5, T4 huru 6. Karatasi hii hupita machoni pa wengi kama njema, kwa kuwa TSH imo ndani ya kiwango. Kumbe homoni ni kidogo na msimamizi hapigi kelele. Yaani msimamizi mwenyewe ni mgonjwa. Pituitari huweza kuumia kwa uvimbe, au kwa mama aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua. Mama ambaye baada ya uzazi wa namna hiyo maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi na nguvu zilimwishia, amweleze daktari historia hiyo hata kama miaka mingi imepita. Kwake TSH peke yake si kipimo cha kutegemewa. Tena kabla ya kupewa levothairoksini ni lazima homoni nyingine za mwili zichunguzwe, kwa sababu kuanza dawa hiyo kabla ya kutibu upungufu wa homoni ya kotisoli huweza kuhatarisha maisha.

Kabla ya kutoa damu

Majibu mazuri huanza na maandalizi mazuri. Anayetumia levothairoksini atoe damu asubuhi kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo, kisha akimeze baada ya kupimwa. Ajitahidi kupimwa saa zilezile kila mara, kwani TSH hupanda na kushuka kidogo kulingana na saa za siku.

Dozi ikianzishwa au ikibadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa hii hutoka mwilini polepole: nusu yake hubaki baada ya siku 7 hivi. Kwa hiyo damu huchukua takribani wiki 6 kutulia katika kiwango kipya. Kupima baada ya siku 10 ni kupoteza fedha, na huweza kumpotosha daktari. Hali ikishatulia, kipimo kimoja kila baada ya miezi 6 hadi 12 hutosha kwa wagonjwa wengi.

Mgonjwa aliyelazwa kwa ugonjwa mkali, kama nimonia au malaria kali, huweza kuwa na majibu ya thairoidi yaliyovurugika kwa muda. Isipokuwa daktari ana shaka mahususi, ni afadhali kipimo kisubiri apone. Aidha, vidonge vya bayotini, ambavyo huuzwa kwa ajili ya nywele na kucha, huweza kuidanganya mashine ya maabara na kutoa namba zisizo za kweli. Anayevitumia aseme mapema, na kwa kawaida huelekezwa kuviacha siku 2 au zaidi kabla ya kupimwa.

Kidonge na namna ya kukimeza

Sababu moja kubwa ya dawa kutofanya kazi vizuri ni kutofika katika damu. Levothairoksini hupenda tumbo tupu na maji matupu. Imezwe asubuhi kwa maji, kisha mgonjwa asubiri dakika 30 hadi 60 kabla ya chai, kahawa, uji au chakula. Kidonge kilichomezwa kwa chai ya maziwa hupoteza sehemu ya nguvu yake, kwa kuwa madini ya maziwa huishika dawa tumboni.

Ambaye asubuhi yake ina pilika nyingi huweza kumeza usiku wakati wa kulala, ikiwa zimepita saa 3 au zaidi tangu alipokula. Utaratibu huo huwafaa pia wengi katika mfungo wa Ramadhani. Mwingine huamka mapema, akameza kidonge, akasubiri nusu saa au zaidi ndipo akala daku. La muhimu ni kuchagua saa moja na kuishika, na kumweleza mtaalamu saa iliyochaguliwa.

Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, vidonge vya kalsiamu na baadhi ya dawa za kiungulia vitenganishwe na levothairoksini kwa saa 4. Hili linawahusu sana wajawazito, ambao hupewa vidonge vya kuongeza damu kliniki. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na baadhi ya dawa za kifafa huharakisha kuondoka kwa homoni mwilini, hivyo dozi huweza kuhitaji kuongezwa wakati wa matibabu hayo na kupunguzwa yanapokwisha. Hakuna dawa kati ya hizo inayopaswa kuachwa. Kinachotakiwa ni kila mtaalamu ajue dawa zote anazotumia mgonjwa.

Vidonge vihifadhiwe kwenye pakiti yake, mahali pakavu, mbali na joto na jua. Dirishani, juu ya jokofu au karibu na jiko si mahali pake. Mgonjwa akisahau kidonge, akimeze siku hiyohiyo anapokumbuka tumbo likiwa tupu. Ikiwa duka la dawa limebadilisha kampuni ya kutengeneza vidonge, amwarifu daktari, kwani huenda ikafaa kupima tena baada ya wiki 6. Miligramu na maikrogramu zisichanganywe: dozi ya levothairoksini huhesabiwa kwa maikrogramu, na kidonge cha 100 si sawa na cha 50 hata vikiwa na rangi na ukubwa unaofanana.

Namba nzuri, mwili bado mzito

Inakadiriwa kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaotumia levothairoksini na kuwa na TSH ya kawaida, 5 hadi 10 huendelea kuwa na dalili. Wagonjwa hawa hawajisingizii. Vilevile, si kweli kwamba dawa yao ni lazima iongezwe. Njia ya busara ni kuuliza maswali kwa mpangilio.

Swali la kwanza ni la muda. TSH huweza kutulia kabla ya mwili kurejea. Uchovu na kuhisi baridi huanza kupungua baada ya wiki chache, lakini ngozi, nywele na kumbukumbu huweza kuchukua miezi kadhaa. Haraka haraka haina baraka, na ndivyo ilivyo kwa tiba hii.

Swali la pili ni la kidonge. Je, kinamezwa kila siku, tumbo likiwa tupu, mbali na vidonge vya kuongeza damu? Je, TSH imekuwa tulivu katika vipimo viwili au vitatu, au inapanda na kushuka? TSH inayoyumba mara nyingi humaanisha dawa inayomezwa kwa kuyumba.

Swali la tatu ni la ugonjwa mwingine. Uchovu una milango mingi. Upungufu wa damu unaotokana na hedhi nyingi, minyoo au lishe duni hufanana sana na upungufu wa homoni. Kisukari, upungufu wa vitamini B12, magonjwa ya figo na ini, maambukizi ya muda mrefu, na usingizi unaokatizwa na kukoroma kwa nguvu huleta uzito uleule wa mwili. Sonona huchukua nguvu na furaha ya mtu hata damu yake ikiwa safi. Kwa wanawake wa umri wa miaka 45 hadi 55, ukomo wa hedhi huweza kuleta kukosa usingizi na kusahau. Aliye na ugonjwa wa Hashimoto ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine wa kupata magonjwa mengine yanayotokana na kinga ya mwili, kwa hiyo kupimwa wingi wa damu na sukari ni mwanzo mwema.

Swali la nne ni la dozi yenyewe. Mtu mmoja hujisikia vizuri TSH ikiwa 1.5, mwingine ikiwa 3. Daktari huweza kurekebisha dozi kidogo ndani ya kiwango cha kawaida, kisha akapima tena baada ya wiki 6. Kwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo, mabadiliko hayo hufanywa kwa uangalifu mkubwa zaidi na kwa hatua ndogo. Kuhusu kuongeza vidonge vya T3, tafiti nyingi hazijaonyesha kwamba huwafaidi wagonjwa walio wengi, hivyo uamuzi huo ni wa daktari bingwa peke yake.

Swali la tano ni la maisha ya kila siku. Mwili uliolegea kwa miezi hauamki kwa kidonge tu. Kutembea dakika chache kila siku na kuongeza kidogokidogo, kula mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ili choo kilainike, na kulala saa zinazotosha husaidia dawa kufanya kazi yake. Ikumbukwe pia kwamba upungufu wa homoni huongeza kilo chache tu kwa kawaida, sehemu kubwa ikiwa maji. Anayetumaini kwamba kidonge kitamwondolea kilo 20 atakata tamaa bure, na akijiongezea dozi ili akonde, ataudhuru moyo wake.

Wajawazito na watoto wachanga

Mimba changa hutegemea homoni ya mama kwa ajili ya ukuaji wa ubongo wa mtoto. Mwanamke anayetumia levothairoksini na kugundua kwamba ni mjamzito asiache dawa hata siku moja, na afike kliniki mapema bila kusubiri tumbo lionekane. Mahitaji ya homoni wakati wa ujauzito huongezeka, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi ya awali, na vipimo hufanywa mara kwa mara, hasa katika nusu ya kwanza ya mimba. Dawa hii ni salama kwa mtoto tumboni na kwa anayenyonyesha. Kinachodhuru ni kuikosa.

Kwa upande wa watoto, wapo wachache wanaozaliwa na tezi isiyofanya kazi. Mtoto anayelala kupita kiasi, anayenyonya kwa udhaifu, mwenye umanjano usiokwisha, choo kigumu, sauti nzito ya kilio, ulimi mkubwa au kitovu kilichotokeza apelekwe kwa mtaalamu bila kuchelewa. Dawa ikianza katika wiki za mwanzo za maisha, mtoto hukua na akili timamu. Ikichelewa, hasara ya ubongo hairudishwi.

Chumvi yenye madini joto

Tezi hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto. Zamani, katika maeneo ya milimani ya Nyanda za Juu Kusini kama Ludewa, ambako udongo una uhaba wa madini hayo, rovu lilikuwa jambo la kuonekana kila kijiji. Katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaweka sharti kwamba chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Familia inunue chumvi iliyofungwa na kuandikwa kuwa ina madini joto, iihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na iitie kwenye chakula mwishoni mwa mapishi.

Pamoja na manufaa hayo, chumvi si tiba ya kila upungufu wa homoni. Aliyeondolewa tezi kwa upasuaji, au ambaye tezi yake imeharibiwa na ugonjwa wa Hashimoto, hawezi kuponywa kwa chumvi, na asiache kidonge kwa kuitegemea. Kuzidisha madini joto kwa kutumia virutubisho vya mwani au matone ya dukani huweza kuivuruga tezi zaidi. Kabichi iliyopikwa haina haja ya kuogopwa, na mihogo iliyoandaliwa vizuri, kwa kulowekwa, kukaushwa na kupikwa, huweza kuliwa na mtu anayepata madini joto ya kutosha.

Dalili za kuwahi hospitali

Mgonjwa wa tezi anayekuwa na usingizi mzito usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mwili kuwa baridi sana, kupumua polepole au mapigo ya moyo kupungua mno apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Hali hiyo huweza kuwapata hasa wazee walioacha dawa kwa muda mrefu, kisha wakapatwa na homa au baridi kali. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au rovu linaloongezeka haraka na kuzuia kumeza au kupumua pia ni dalili zisizongoja kesho.

Kutoka zahanati hadi maabara

Zahanati nyingi hazina mashine ya kupima homoni za thairoidi, lakini ndizo mlango wa kwanza. Mganga mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya humsikiliza mgonjwa, hupima wingi wa damu na sukari, na humwandikia rufaa ya kwenda hospitali yenye kipimo hicho. Mwenye kadi ya bima aulize mapema kama kipimo na dawa vimo katika huduma anazostahili, ili asifunge safari mara mbili. Ambaye hana uwezo wa kupima TSH na T4 kwa pamoja amwombe daktari ushauri. Kwa mgonjwa wa kawaida aliyekwisha kutulia kwenye dawa, TSH peke yake mara nyingi hutosha.

Kila mgonjwa awe na daftari dogo. Humo aandike tarehe ya kipimo, jina la maabara, TSH na T4 pamoja na vizio vyake, dozi ya kidonge kwa maikrogramu, saa anayomeza, na dawa nyingine anazotumia. Kando yake aandike dalili tatu zinazomsumbua zaidi, na kama zimepungua au zimeongezeka tangu kipimo kilichopita. Aende nalo kila anapomwona daktari, pamoja na pakiti ya dawa. Daktari mgeni akilifungua daftari hilo ataona kwa mara moja mashahidi wote watatu: namba, kidonge na mwili.

Familia nayo ina sehemu yake. Mwenye upungufu wa homoni anahitaji mtu wa kumkumbusha kidonge asubuhi kabla chai haijaandaliwa, wa kumsindikiza kupima, na wa kumtetea anapoitwa mvivu. Dawa hii kwa wengi ni ya maisha yote. Kuimeza kila siku si dalili ya kushindwa, kama ambavyo kula kila siku si dalili ya kushindwa. Ni njia ya kuupa mwili haki yake, ili mtu arudi shambani, sokoni, darasani na nyumbani akiwa na nguvu zake.